Vioo Kumi na Viwili

Mkaguzi Evarista Kihwele alikosea neno kabla hata hajakaa kwenye kiti.

"Mwalimu, nimekuja kwa ajili ya zile vainili za Mbeya," alisema. Mwalimu Dastan akasimama katikati ya sebule yake na birika la chai mkononi, akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeingia kanisani na kofia.

"Zile nini?"

"Vainili. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye jalada la kesi."

"Vainili ni plastiki, binti yangu. Ndoo yangu ya maji ni ya ukoo huohuo, na bomba la choo vilevile. Kama limeibwa bomba la choo, hapo nitakuelewa."

Akamimina chai taratibu, bila kumwaga tone. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, Kihesa, Iringa, na ukungu wa Julai ulikuwa bado umeukumbatia mtaa. Ndani mlikuwa na mwanga wa kijivu laini, wa kumfanya mtu azungumze kwa sauti ya chini bila kuombwa. Kuta tatu zilijaa rafu za muziki, kutoka sakafuni hadi darini. Ukuta wa nne ulikuwa na dirisha, na kioo kimoja cha dirisha hilo kilikuwa kimevunjika, kimezibwa kwa boksi la sabuni.

Evarista hakupenda kusahihishwa, hasa asubuhi. Lakini alikuwa ametoka Mbeya jana yake kwa sababu ya mzee huyu, na muda ulikuwa umembana. Kesho saa tatu fundi Lutengano angepandishwa mahakamani kwa kuiba rekodi kumi na mbili za Himmat, mfanyabiashara aliyefanya naye kazi miaka arobaini na moja. Lutengano alikuwa na umri wa miaka sitini na minane na kifua kibovu. Siku tatu za kulala kwenye saruji ya kituo zilikuwa zimeshamkausha sauti, na mahabusu ya Mbeya kwenye baridi hii ingemmaliza kabisa. Evarista alilijua hilo, na lilimkera kwamba fundi mwenyewe hakutaka kujitetea. Tangu akamatwe hakuwa amekubali wala kukana.

"Basi ziitweje?" aliuliza.

"Inategemea nani anaita." Mwalimu Dastan alikaa, akaonekana kufurahi kuulizwa. "Mimi nasema rekodi, nilizoea hivyo chuo cha ualimu. Himmat husema santuri, na akisema santuri unajua anaongea na mtu anayemheshimu. Lutengano ni fundi, kwake kinachozunguka ni sahani. Huyo mwenye vainili ni Ronak, mtoto wa Himmat. Neno hilo amelitoa kwenye simu."

"Kitu si kilekile, Mwalimu?"

"Nyumbani wanakuitaje?"

"Mama."

"Na kazini?"

"Afande."

"Mtu ni yuleyule. Lakini anayekuita mama ana lake, na anayekuita afande ana lake."

Evarista akaandika majina yale manne kwenye daftari lake, kila moja na mwenyewe. Alikuwa na tabia ya kuandika hata yasiyo na maana, na mara nyingi hayo ndiyo yaliyomlipa.

"Lutengano alikupigia simu Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne na dakika kumi. Mliongea dakika moja."

"Alinijulia hali."

"Kwa dakika moja?"

"Hali yangu ni fupi."

"Hakukutumia mzigo?"

Mwalimu Dastan akaweka kikombe chini. "Pitia vitabu vya vifurushi vya mabasi yote ya njia hii. Hutakuta santuri iliyoandikwa humo."

Alikuwa ameshavipitia. Siku mbili nzima alikuwa amepitisha kidole kwenye vitabu vya mabasi manne, na kweli hakukuta. Ila lilimgusa jambo moja: mzee hakusema kwamba hakupokea kitu. Alisema tu kwamba haikuandikwa. Mtu aliyefundisha dini na hesabu kwa miaka thelathini hapendi kusema uongo, basi anaukwepa kwa kupita pembeni.

Evarista akainuka, akaenda dirishani kana kwamba anatazama ukungu. Nyuma ya kiti kikubwa palikuwa na sanduku la mbao, limesimama wima, na ubavuni limeandikwa kwa wino wa bluu: VIOO 12. SIMAMISHA.

"Umenunua vioo, Mwalimu."

"Vya madirisha."

"Kumi na viwili."

"Naam."

"Na dirisha hili umeliziba kwa boksi la sabuni."

Mwalimu Dastan alifumba macho. Nje mtu alipita akiimba wimbo wa kwaya, sauti ikaja, ikafifia, ikaisha. Alipofumbua macho alikuwa mzee zaidi ya alivyokuwa dakika moja nyuma.

"Kamwene, mwana wa Kihwele," alisema, akimsalimia upya kwa Kihehe, kama watu waanzao mazungumzo mengine kabisa. "Sasa tuongee."

Akaeleza. Tangu enzi za mabasi ya zamani, watu wa muziki wa Mbeya, Iringa na Njombe walikuwa wakitumiana rekodi kwa kuazimana. Mwanzoni waliandika kilichomo, na wapakiaji wakazilaza na kuzibebesha magunia ya viazi, zikafika zimepinda kama masikio ya tembo. Ndipo Himmat akagundua kwamba kioo hakuna anayekilaza, wala mwizi hakihitaji. Tangu siku hiyo kila aliyekuwa mwenzao aliandika vioo, na kwenye simu pia walisema vioo.

"Lutengano alisema hivi tu: nenda stendi jioni kachukue vioo, usifungue, vitunze. Mwenzetu akisema hivyo hatuulizi."

Evarista aliukumbuka mstari ule kwenye kitabu cha basi. Jumanne, basi la saa tano, vioo 12, Mbeya kwenda Iringa. Aliuruka kwa kidole chake mwenyewe. Ilimuudhi sana.

"Basi Lutengano amekwisha," alisema. "Ufunguo wa chumba cha rekodi anao, simu alipiga, na mzigo huu hapa."

"Fungua kwanza."

Evarista akachomoa misumari kwa kisu cha jikoni. Mwalimu Dastan alinawa mikono, akaifuta, akavuta kava la kwanza kwa ncha za vidole. Majani makavu yakaanguka sakafuni. Akavuta la pili, yakaanguka mengine, na mzee akakunja uso.

"Nani ameweka majani humu?"

"Si Lutengano?"

"Lutengano? Yule akishika sahani hataki hata mvuke wa chai upite karibu. Vumbi la majani haya likiingia kwenye mifereji, sindano inalia. Mtu wa muziki hawezi kufanya hivi, hata awe amelewa."

Evarista aliokota jani moja, akalitafuna kidogo, akalitema. Uchungu wake haukumwacha na shaka. Ulikuwa mwarobaini, na mwarobaini hauoti kwenye baridi ya Mbeya, huletwa na watu wa Usangu, bondeni kwenye joto, kwa mafungu. Wanawake wanaijua kazi yake. Hutiwa kwenye pipa la mchele na kwenye sanduku la nguo ili wadudu wasiingie.

"Na tena," Mwalimu Dastan alisema, akizidi kushangaa kadiri alivyozitoa, "hizi ndizo alizoiba? Tazama zilivyochanika. Hii imekwaruzwa, hii imechezwa mpaka weusi wake umekuwa kijivu. Kwenye rafu za Himmat kuna santuri ambazo mtu wa Ulaya atapanda ndege kuzifuata, na Lutengano anazijua kwa kuzipapasa tu. Hapa hakuna hata moja."

"Kwa hiyo aliyechagua hajui zenye thamani."

"Au ana thamani yake mwenyewe."

Ndani ya sanduku, chini kabisa, palikuwa na ukurasa wa kalenda ya mwaka jana, umeandikwa upande wa nyuma. Orodha ya mistari kumi na miwili, kwa kalamu ya risasi. Mwalimu Dastan alitafuta miwani, kwa sababu alitegemea namba za lebo. Mtu wa santuri huorodhesha kwa namba, au kwa uchache kwa bendi. Alisoma, akageuza karatasi, akasoma tena.

"Ya mvua ya mawe," alisoma kwa sauti. "Ya siku tuliyohamia. Ya chapati kuungua. Ya mama mkwe kucheka. Ya homa ya Ronak." Akavua miwani. "Hakuna nyimbo za namna hii."

Evarista alitazama majina manne kwenye daftari lake. Rekodi, santuri, sahani, vainili. Aliyeandika orodha hii hakuwa na jina lolote la kitu chenyewe. Alikuwa na majina ya siku. Alikuwa mtu aliyeusikia muziki huo akiwa na kazi nyingine mikononi, chumba cha pili, mlango uko wazi.

"Nipigie iliyotoka kwanza, itakuwa ndiyo ya mvua ya mawe," alisema. "Kisha niende."

Mzee akaifuta mifereji kwa brashi, akashusha sindano. Kwanza kulikuwa na mchakacho tu, mrefu, kama mafuta yanayoanza kupata moto. Halafu magitaa mawili yakaingia polepole, moja likiuliza na jingine likijibu, na sauti ya mwanamume ikamsihi mtu asiondoke kabla anga halijatakata. Ukungu ulikuwa umesogea mpaka kwenye dirisha. Kwa dakika tatu Evarista hakuwa askari wala mama wa mtu. Alikuwa amekaa mahali fulani kwenye mvua ya zamani, na hakukuwa na haraka yoyote duniani. Wimbo ulipoisha aliona aibu kidogo, akachukua funguo za gari.

Alilisimamisha sanduku kwenye kiti cha nyuma, akalifunga mkanda. Barabara ya kwenda Mbeya aliiendesha polepole kuliko kawaida yake. Mufindi yote ilikuwa imefunikwa, mashamba ya chai yakitokea na kupotea, na malori yakija na taa mchana. Nyololo alisimama kunywa chai ya tangawizi na kupiga simu kituoni.

"Mzee Lutengano amekula?" aliuliza.

"Hajala, afande," askari wa zamu alijibu. "Anakohoa. Asubuhi aliuliza kama barabara ya Iringa ina mvua."

"Umemwambia niko Iringa?"

"Hapana, afande."

Evarista akakata simu. Mtu anayeogopa kufungwa haulizi hali ya barabara. Huyo alikuwa anafikiria sanduku, na alikuwa analifikiria kwa upendo. Aliacha chai nusu.

Alifika Ilomba, Mbeya, saa tisa na nusu. Nyumba ya Himmat ilikuwa na veranda pana na harufu ya bizari iliyokaangwa. Ronak, mwenye miaka thelathini na sita na kompyuta mapajani, alikuwa kwenye chumba cha rekodi, amezungukwa na maboksi mapya. Jumamosi mnunuzi kutoka Dar es Salaam angekuja kuchukua mkusanyiko wote. Baba yake, Himmat, alikuwa kitandani karibu na dirisha la chumba hichohicho. Kiharusi cha Machi kilikuwa kimemwachia macho na mkono mmoja, kikachukua maneno. Rekha, mke wa Himmat, alikuja na trei ya chai.

"Vainili zimepatikana," Ronak alisema alipoliona sanduku. "Kwa hiyo yule fundi amesema."

"Hajasema kitu. Ronak, zilizopotea ni zipi?"

"Kumi na mbili. Niliona pengo kwenye rafu."

"Zipi?"

"Siwezi kujua moja moja, afande. Ziko zaidi ya elfu mbili."

"Baba yako anazijua?"

"Baba hawezi kusema."

Evarista akatoa karatasi, akaisoma polepole, akimtazama mgonjwa badala ya mwanawe. "Ya mvua ya mawe." Macho ya Himmat yakatoka dirishani, yakaja kwake. "Ya siku tuliyohamia. Ya chapati kuungua."

Trei ilitua mezani, vikombe vikagongana.

"Ni mwaka tulioezeka duka upya," Rekha alisema. "Ile ya mvua ya mawe. Bati zote zilitoboka."

"Mama?"

"Mwandiko ni wangu, Ronak. Afande anajua tayari. Amekuja na adabu tu."

"Mama Ronak," Evarista alisema, "siku nilipopekua nyumba ulinifungulia sanduku la sari zako, majani ya mwarobaini yakaanguka miguuni mwangu. Yameanguka tena leo, Iringa."

"Wadudu hawali nguo peke yake," Rekha alijibu kwa utulivu. Kisha akakaa, kitu ambacho hakuwa amekifanya mbele ya mgeni tangu uchunguzi uanze. "Lutengano bhai, kaka yetu, ndiye aliyepiga simu na kubeba. Mimi ndiye niliyemwomba."

"Na siku tatu hizi umekaa kimya?"

"Nilimfuata kituoni siku ya kwanza, nikasema nitasema. Akanikataza. Alisema nikisema, Ronak atazifuata Iringa siku hiyohiyo, na yeye ni mtu wa milimani, sakafu haimtishi. Jana niliposikia anakohoa sikulala. Leo nilikuwa namsubiri afande arudi." Akasukuma trei pembeni. "Nimekosea, najua. Nimemwacha kaka yangu sakafuni."

Ronak alikuwa amesimama. "Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Nilisubiri umwulize baba yako anataka kubaki na zipi. Wiki tatu unapanga maboksi mbele ya macho yake. Hukuuliza."

"Angejibuje, Mama? Hasemi."

"Anafumba macho. Mimi nilimwuliza. Nilimshikia moja moja mbele ya uso, mchana ulipokuwa dukani, siku nne mfululizo. Aliyoitaka alifumba macho. Alifumba mara kumi na mbili."

Evarista alimsogelea mgonjwa, akapiga magoti ili macho yao yawe sawa. Kazi ni kazi, na maelezo ya mwenye mali yalikuwa yakihitajika.

"Mzee Himmat, shikamoo. Hizi zilikwenda Iringa kwa ridhaa yako?"

Himmat alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akafumba macho, akayaacha yamefumbwa, kama mtu anayesikiliza kitu kizuri kutoka mbali.

Evarista akaandika saa na dakika, akaandika kwamba mwenye mali ameridhia mbele ya mkewe na mlalamikaji. Wizi ulikuwa umekufa hapo. Alipoinuka, Ronak alikuwa ameshika ile karatasi ya kalenda, na kidole chake kilikuwa kimesimama kwenye mstari wa tano.

"Hii ya homa yangu ni ipi?"

"Ile yenye kava la kijani," Rekha alisema. "Ulikuwa na miaka sita. Degedege, siku ya tatu, na baba yako mguu uko kwenye plasta. Mvua ilikuwa imekata barabara, gari halipiti. Lutengano alikufunga mgongoni kwa khanga kama mama anavyobeba, akatembea na wewe kutoka hapa mpaka hospitali. Mchana alirudi, matope mpaka kiunoni, akasema umefumbua macho na umeomba soda. Baba yako alikosa neno la kumwambia. Akaweka hiyo. Lutengano akalala palepale sakafuni na viatu vyake, nikamfunika."

"Hakuna aliyewahi kuniambia."

"Yeye ndiye aliyetukataza. Alisema mtoto asikue akiona ana deni."

Ronak akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa shati. Halafu akauliza, kwa sauti ambayo Evarista hakuwa ameisikia kwake, "Afande, naweza kwenda nawe kituoni?"

Jua lilikuwa limeanza kushuka kwenye bega la mlima Loleza walipofika, na mji mzima ulikuwa wa rangi ya asali. Kwenye kaunta Evarista alieleza utaratibu. Jalada lingefungwa kesho na mkuu wa upelelezi, hakuna mahakama. Lakini leo mzee hawezi kutoka bila dhamana, na dhamana inataka mtu.

"Mimi," Ronak alisema.

Askari wa zamu akavuta fomu. "Jina la mdhamini?"

"Ronak Himmat."

"Makazi?"

"Ilomba."

"Uhusiano na mtuhumiwa?"

Nyuma ya mlango wa chuma kikohozi kilianza, kikaendelea, kikapungua. Ronak alisubiri mpaka kikaisha.

"Andika baba mdogo."

Kalamu ya askari ilisimama. Alimtazama Mhindi aliye mbele yake, akatazama jina la Kinyakyusa kwenye kitabu, kisha akamgeukia Evarista kuomba msaada.

"Andika alivyosema," Evarista alimwambia.

Mlango ukafunguliwa. Lutengano alitoka taratibu akishika ukuta, suruali ameikamata kwa mkono, viatu havina kamba kwa sababu kamba huchukuliwa mlangoni. Alipomwona Ronak alisimama, akawa kama mtu anayejiandaa kutukanwa. Askari akamwaga mezani vitu vyake kutoka kwenye bahasha: mkanda, bisibisi ndogo, kitambaa, kamba mbili.

Ronak akachukua zile kamba. Akapiga goti moja kwenye saruji, akaanza kuzipitisha kwenye matundu ya kiatu cha kulia, moja baada ya nyingine, vibaya, kama mtu asiyewahi kumvalisha mwenzake kiatu.

"Shikamoo, baba mdogo," alisema bila kuinua uso.

Mzee alikohoa kidogo. Akaweka mkono juu ya bega la Ronak ili asiyumbe, na akauacha hapo hata aliposimama imara.

"Marahaba," alisema.